Nondo wa Mama Luka

Jioni ya kwanza baada ya kuhamia kwa mama yake, ingawa alikwisha kusikia maneno ya watu, Loveness alidhani masikio yake yamemdanganya. Mama yake alikuwa ameketi sebuleni juu ya kigoda, chini kabisa ya taa, mikono mapajani, na hapakuwa na mtu mwingine humo ndani. Nondo mmoja mdogo wa rangi ya vumbi akaizunguka taa, akatua ukutani. Mama akainua uso, akamtazama, akasema kwa upole, "Marahaba."

Loveness akageuka kuangalia mlangoni, maana marahaba haiji bila shikamoo. Mlangoni hapakuwa na mtu. Akaja nondo wa pili, akatua karibu na mwenzake, na huyo naye akaitikiwa. Ndipo Loveness aliporudi nyuma hatua moja, ingawa yeye ni mtu wa dukani, mtu wa risiti na vipimo, na angekuwa wa mwisho kukiri kwamba ametishwa na wadudu wasiofika ukubwa wa ukucha.

Mama yake jina lake ni Apolonia, lakini pale Nyahanga, mjini Kahama, nani analijua? Ni Mama Luka. Luka ndiye kifungua mimba, Loveness ni wa pili na wa mwisho. Luka ndiye aliyeijenga ile nyumba ya bati la rangi, yenye dari na umeme, kwa dhahabu aliyoichimba Mwakitolyo. Mwanzoni mwa mwaka mvua ilinyesha bila adabu, na duara alilokuwamo, shimo la wachimbaji wadogo lenye nguzo za miti, likatitia. Wenzake walifukua mpaka nguzo za shimo la jirani nazo zikaanza kulia, wakaamriwa watoke. Duara likafukiwa na mtu wake ndani. Kwa hiyo Luka alikuwa amezikwa, na hapo hapo hajazikwa.

Mama yake aliukataa msiba. Si kwamba hakulia. Alilia hadi macho yakawa mekundu kama pilipili na hayakurudi tena. Alichokataa ni kunyolewa. Kwao mtu akifa, wa damu yake hunyoa nywele, na Loveness alikuwa amekwisha kunyoa siku nyingi, zake zimeanza hata kuota upya. Mama alifunga kitambaa kichwani akasema mtoto anayekuja kila jioni kumwamkia mama yake hazikwi. Baba mdogo Sostenes, mdogo wa marehemu baba yao, akaona isiwe taabu, akapanga ukoo ukutane Jumamosi, wazike nguo za Luka pale uani badala ya mwili, mama anyolewe, yaishe. Mama alipoambiwa alinyamaza. Wanaomjua wanajua kwamba ukimya wake ni hapana iliyopigwa msumari.

Hayo yangevumilika, maana wazee wangapi huongea na kuta? Kilichomfanya Loveness aombe ruhusa kazini na kuhamia kwa mama yake ni maneno ya bombani. Jirani yao wa ukuta kwa ukuta, Mwanaima, muuza vitenge aliyetoka Pangani kufuata fedha za wachimbaji, alikuwa na mtoto mdogo aliyeshikwa na degedege. Hospitali walimtibu malaria, akapona, akarudi kuwasumbua kuku. Lakini Mwanaima alikuwa amekwisha kusema kwenye foleni ya maji kile wanachosema wazee wa kwao pwani, kwamba degedege huja na mdudu mfano wa nondo. Hakumtaja mtu, na wala hakuwa na nia mbaya. Wenyeji waliokuwa kwenye foleni walikuwa na nusu yao ya habari, ya bibi mwenye macho mekundu anayeitikia salamu za nondo. Ya pwani na ya bara yakakutana pale bombani, yakafunga ndoa.

Huku kwetu mwanamke mzee akishasemwa bombani kwa uchawi haulizwi mara mbili. Loveness alikuwa mdogo walipomkuta bibi wa jirani yao wa zamani amelala mlangoni kwake asubuhi, na panga halikuwahi kupata mwenyewe. Hakutaka kumkuta mama yake hivyo. Aliogopa, na hofu yake ilikuwa na sura, na sura yenyewe alikuwa akilala nayo kila usiku.

Basi akaamua kuwapa nondo wale jina. Alikuwa na imani moja kubwa, kwamba kitu chenye jina hakina uchawi. Duka analouzia ni la pembejeo, dawa za kuhifadhia nafaka anazijua kwa harufu, na chumba cha nyuma cha mama yake kilikuwa na magunia ya mahindi ya msimu uliopita. Alikwisha kuhukumu kabla ya kuchunguza: ni nondo wa mahindi, wametaga mayai mahindini, wanafuata mwanga. Angewakamata, angewaonyesha gunia, angemwita Mwanaima na wale wa foleni waje waone kwa macho yao, halafu angepiga dawa na habari ingekufa.

Jioni ya pili alitundika shuka jeupe nyuma ya taa ili wadudu waonekane vizuri. Kila aliyetua alimfunika kwa glasi, akateleza karatasi chini yake, akampeleka kwenye friji atulie kwa baridi. Mama alimtazama, na kila glasi ilipofunika alifumba macho kidogo, kama mtu anayechomwa sindano. Loveness aliliona hilo, likamuuma, akaendelea.

Asubuhi aliwapanga mezani kwa lenzi ya dukani. Upande mmoja aliweka nondo aliowatoa kwenye gunia, na upande wa pili wale wa taani. Wa gunia walikuwa wale anaowajua, wembamba, rangi ya nyasi kavu, mbawa zimechongoka na pindo lake la manyoya. Wa taani hawakufanana nao hata kwa kusingiziwa. Walikuwa wapana zaidi, kijivu cha udongo, na utosini kila mmoja alikuwa na nywele za manjano zilizosimama ovyo, kama mtu aliyekurupushwa usingizini. Mmoja aliyepata joto akazinduka. Loveness alipomgusa kwa kijiti hakuruka, alikimbia kwa miguu, mbiombio, akajificha chini ya ukingo wa sahani.

Akapiga picha akamtumia Deusdedit, waliyesoma naye chuo cha kilimo na ambaye sasa anafanya kazi kwenye kituo cha utafiti wa wadudu. Jibu lilikuja mchana kwa sauti, Deusdedit akiongea huku anatafuna kitu. Si wa nafaka huyo, alisema. Ni wa ukoo wa wale wanaokula sufu na manyoya, na yeye akibashiri angesema ni nondo wa pembe. Viwavi wake hula pembe na kwato za wanyama waliokufa, na nywele pia wakizipata. Hawali kitu kingine chochote.

"Tafuta pembe," alimalizia. "Ukiona pembe imeota vidole vya udongo, hapo ndipo kwao. Kwani mmechinja?"

Hawakuwa wamechinja. Mama Luka hakuwa na ng'ombe tangu mumewe afe, ngozi hakuwa nayo, hata kiatu cha manyoya hakuwa nacho. Loveness alipekua chumba cha nyuma, jikoni, uvunguni, akazunguka uani mpaka kwenye jalala. Hakupata hata ukwato wa mbuzi. Akajiambia watakuwa wanatoka kwa majirani, kuna bucha njia ya kona, na mifupa haikosi huko.

Jioni ya tatu, jua lilipokuwa linazama, alifunga madirisha yote, akaziba chini ya mlango kwa tambara, kisha akawasha taa. Kama ni wa kuja, na waje tumwone anayewafungulia. Mama alikuwa kigodani kwake kama kawaida. Nyumba ikawa kimya, joto likapanda. Loveness alisimama na glasi mkononi akiangalia dirishani, kisha mlangoni, kisha dirishani tena, na kwa muda mrefu hapakutokea kitu.

"Marahaba, baba," mama akasema.

Nondo alikuwa ukutani. Loveness akainua macho taratibu mpaka kwenye taa. Pale waya unapoingilia darini fundi alikuwa ameacha tundu, na katika tundu hilo kilikuwa kikichungulia kichwa kidogo chenye nywele za manjano. Nondo yule akatoka kwa miguu, bila haraka, akatembea ubaoni, akasimama. Nyuma yake akatoka mwingine. Siku zote hizo hawakuwa wakiifuata taa kutoka nje. Walikuwa wakiteremka kutoka juu yake. Loveness aliirudisha glasi mezani.

Kesho yake alingoja mchana, mama alipojilaza chumbani. Akapandisha stuli juu ya meza, akasukuma mfuniko wa dari, akajivuta juu kwa tumbo. Kulikuwa na joto la bati na harufu kavu ya vumbi la pamba. Tochi ya simu ikapita juu ya mbao, ikapita juu ya waya, ikafika juu ya sebule, ikasimama.

Pembe ya ng'ombe ilikuwa imelazwa kwa uangalifu juu ya kitambaa chekundu, ncha yake ikielekea Mwakitolyo. Ilikuwa imeota vidole, kweli kabisa, vibomba vidogo vya udongo na uzi vilivyosimama kila upande, vingine virefu kama kidole gumba, vingine vifupi kama vya mtoto. Loveness alijua ni vijumba vya viwavi, alikuwa ameambiwa kwa sauti na mtu aliyekuwa akitafuna, na bado alikaa pale muda akishindwa kuinyooshea mkono. Kwenye mdomo wa pembe kulikuwa na kizibo cha kitambaa kilicholegea. Ndani yake mlikuwa na nywele.

Zilibaki kidogo tu, nyingine zilikuwa zimegeuka unga. Zilikuwa nyeusi, fupi, ncha zake zina rangi ya shaba. Hapo Loveness hakuhitaji lenzi. Mwaka wote wa mwisho wa maisha yake Luka alipaka nywele za utosi rangi ile, kama vijana wa machimboni walivyofanya, na Loveness mwenyewe alimcheka akimwita jogoo.

Alishuka ameishika pembe ndani ya kanga, na mama alikuwa amesimama kando ya meza. Hakushtuka. Hakuuliza ni nini hicho. Alinyoosha mikono miwili, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo.

"Zirudishe," alisema. "Hizo ni zangu."

Kisha akaketi, akasimulia, kwa sauti ile ile ambayo angesimulia jinsi ya kupika ugali. Nyumba ilikuwa imefikia dari, dhahabu ikakata. Luka akaenda kwa mganga mmoja upande wa Geita, akaambiwa dhahabu ya lile shimo haitoki bure, itatoka kwa nyumba itakayotanguliza mtu wake kaburini. Nywele za atakayetangulia zitiwe ndani ya pembe, na pembe ikae juu ya nyumba. Luka alirudi analia, akasema anaacha machimbo, ataendesha bodaboda. Mama akamwambia asilie kama mtoto. Yeye chumvi alikwisha kula nyingi, mume amekwisha kumzika, na kijana wake ana miaka mbele yake. Akachukua wembe, akajinyoa shungi moja nyuma ya sikio, akampa. Luka alipanda darini na pembe, akashuka, hawakulisema tena. Mwezi haukuisha, dhahabu ikatoka.

Baada ya hapo mama alikaa akisubiri zamu yake, wala hakuwa na huzuni. Aliwagawia wanawake wa jumuiya ya kanisa vitenge vyake vizuri. Kila homa ndogo ilipomshika aliaga kimoyomoyo. Halafu mvua ikamchukua Luka. Tangu siku hiyo alikuwa akikaa chini ya pembe ile jioni kwa jioni, amwulize mwanawe kwa nini amepita yeye wakati walikubaliana vingine.

Loveness alikuwa na hasira na huruma kwa pamoja, hakujua aanze na ipi. Alitaka kupiga kelele kwamba shimo liliua kwa sababu nguzo zilioza na mvua ilizidi, kwamba pembe haijui mtu. Lakini alikuwa na jambo moja la kusema kwanza, na lilimtoka kwa shida.

"Mama, zako ni nyeupe."

Mama akamtazama bila kuelewa. Loveness akaifungua kanga. Mama akaichukua pembe mpaka mlangoni penye mwanga, akachomoa nywele chache kwa vidole viwili, akaziinua juani. Ncha ziling'aa rangi ya shaba. Akazitazama kwa muda mrefu sana. Luka alikuwa amepanda darini na mvi za mama yake mfukoni, na huko juu, peke yake, akatia za kichwa chake.

Mama hakulia. Alikasirika, na Loveness hakuwahi kumwona na hasira ya namna ile, midomo imekuwa myeupe, mishipa ya shingo imesimama.

"Ameniibia," alisema.

Halafu aliuliza swali, kwa sauti ya chini, kama mwanafunzi anayetaka kuhakikisha. Je, wale nondo wamekula hizi nywele? Loveness akasema ndiyo, wakiwa viwavi. Na hawakula kitu kingine? Hizo na pembe yenyewe tu, hawali kingine. Miili yao imejengwa kwa hizo? Loveness akafungua mdomo. Alitafuta katika yote aliyofundishwa chuoni neno la kumzuia mama yake pale, hakulipata, kwa sababu jibu lilikuwa ndiyo.

"Basi mimi sikuwa mwongo," mama akasema, akaketi kizingitini. Kisha akamwambia akalete wembe, na amwambie Sostenes waje Jumamosi.

Loveness alimnyoa palepale uani, saa za watu kupita, makusudi, watu waone. Mwanaima alipita na ndoo, akasimama, akaweka ndoo chini, akasema pole mama kwa sauti iliyovunjika, akalia kilio kirefu cha kwao. Kufika jioni foleni nzima ya bomba ilijua kwamba Mama Luka amekubali msiba, na mzee anayelia msiba wa mwanawe ni mtu kama watu wengine. Loveness alijihisi mwepesi kwa mara ya kwanza tangu mvua zile. Aliifungia pembe ndani ya shati la Luka, akalizungushia suruali, akafunga kwa kamba. Hakumwambia mtu. Kwake ile haikuwa hirizi tena, zilikuwa nywele za kaka yake, sehemu pekee ya mwili wake ambayo ardhi ilikuwa haijaichukua, na nguo zile sasa zingezikwa na mtu ndani yake.

Jumamosi uani palijaa. Wa ukoo walikuja, jumuiya ilikuja, majirani walikuja wote, na waliokuwa wakinong'ona walikaa mbele ili waonekane. Mwanaima alikuwa amepika pilau sufuria zima. Sostenes alipolibeba furushi aliuliza kwa nini nguo zina uzito, Loveness akasema ni viatu. Kaburi lilikuwa dogo, la kipimo cha furushi. Katekista akasali. Kabla halijateremshwa, mama akaomba amshike mwanawe kidogo, na nani angemnyima.

Akalipakata furushi kama anayenyonyesha, akainama juu yake, upande wa kanga ukaangukia mikono yake. Loveness alikuwa bega kwa bega naye, kwa hiyo yeye peke yake aliona. Mama alilegeza fundo la kanga kiunoni na kutoa konzi ya nywele nyeupe, zile alizonyolewa uani, ambazo Loveness alidhani zimefagiliwa. Vidole vikapenya katikati ya vifungo vya shati, vikaufikia mdomo wa pembe, vikashindilia. Alifanya taratibu, kwa ustadi, kama mtu anayejaza mto. Kisha akainua macho akamtazama binti yake, na macho yalikuwa makavu.

Loveness hakuamini mambo yale, kwamba nywele ndani ya pembe humwita mwenyewe kaburini. Alijiambia hivyo, akarudia. Lakini mkono wake ulikuwa umekwisha kunyanyuka wenyewe kulishika furushi, na ukaishia hewani. Akilivuta, kamba italegea. Kamba ikilegea, pembe yenye vidole itaanguka mbele ya Mwanaima, mbele ya Sostenes, mbele ya watu wote wa bombani, na mama yake hatafika Jumatatu. Asipolivuta, ni nywele tu.

Sostenes alikuwa akingoja mikono wazi. Watu walikuwa wanatazama. Loveness akaushusha mkono ule juu ya furushi, akaikaza kamba iliyokuwa imelegea, akalichukua kutoka mapajani mwa mama yake na kumpa baba mdogo. Likateremshwa. Mama akasema asante mwanangu, polepole, ili asikie yeye tu.